Fuata Ada ya Boti Yako Mpaka Ziwani: Mwongozo kwa Mwenye Chombo

Mwenye boti akishalipa ada ya usajili, akapewa cheti, namba na pengine stika ya kubandika ubavuni, kwa kawaida huishia hapo. Wengi huihesabu kama kodi nyingine tu. Lakini kuna maziwa ambako ada hiyo ndiyo inayomlipa mkaguzi anayesimama pale boti zinaposhushwa majini, inayonunua mafuta ya boti ya doria, na inayomweka kazini mzamiaji anayeng'oa magugu kwa mkono. Na kuna maziwa ambako haifiki majini hata kidogo. Ukubwa wa ada si sababu ya tofauti hiyo. Sababu ni namna sheria ilivyoifunga fedha hiyo, na kama wanaoilipa wanaifuatilia.

Mwongozo huu ni wa mwenye boti, mtumbwi wa injini au mashua ya kuvulia anayetaka kujua fedha yake inakwenda wapi, na afanye nini ili ilifikie ziwa.

Hatua ya 1: Chambua risiti

Kiasi unacholipa dirishani mara nyingi ni malipo kadhaa yaliyofungwa pamoja. Kuna ada ya usajili yenyewe, ambayo hugharamia kuandikisha chombo, kutoa namba na kutunza daftari. Kuna leseni, kama unavua au unabeba abiria. Kuna kodi za kawaida. Na katika baadhi ya sehemu kuna tozo ya ziada iliyowekwa mahsusi kwa ajili ya kulinda maji. Hiyo ya mwisho ndiyo unayoitafuta. Kama risiti imeandika jumla peke yake, omba mchanganuo. Karani anao kwenye mfumo wake, na hakuna ubaya kuuliza.

Tozo hii huja kwa sura mbalimbali. Jimbo la Minnesota nchini Marekani limeiweka ndani ya usajili wa boti, unaolipiwa miaka mitatu kwa mkupuo. Kwa miaka mingi tozo ya viumbe vamizi, yaani wanyama na mimea ya kigeni inayosambaa na kudhuru maji, ilikuwa dola 5, na mwaka 2019 bunge la jimbo likaamua kuipandisha hadi dola 10.60. Maine wao wana stika ya ulinzi wa maziwa na mito, ambayo boti ya injini inayotumika kwenye maji ya ndani ya nchi lazima iwe nayo. California iliongeza stika yake mwaka 2014, inayolipiwa pamoja na usajili, na boti ya kutumika baharini tu haidaiwi. Msamaha huo una mantiki: kome wanaopigwa vita kwa fedha hiyo ni wa maji baridi, hivyo boti isiyoingia ziwani haina sababu ya kuchangia.

Usipouona mstari wowote wa namna hiyo kwenye risiti yako, bado usikate tamaa. Inawezekana sehemu ya ada ya kawaida imetengwa kisheria bila kuandikwa kwenye risiti. Hapo ndipo inapokuja hatua ya pili.

Hatua ya 2: Jua inaingia mfuko gani

Fedha ya serikali huingia mfuko mkuu au mfuko maalumu. Ikiingia mfuko mkuu huchanganyika na ushuru mwingine wote, na ziwa litapata kitu pale tu bajeti itakapolikumbuka. Ikiingia mfuko maalumu, sheria inakuwa imekwisha kusema itumike kwa nini. Hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote katika suala zima. Kama una muda wa kusoma ukurasa mmoja tu wa sheria, soma huo unaoanzisha mfuko.

Ukishaupata, mambo matatu yanatosha kukuonyesha uimara wake. Kwanza, nani anashika saini: wizara ya fedha, idara ya uvuvi, mamlaka ya mazingira, au bodi yenye wawakilishi wa watumiaji wa ziwa? Pili, matumizi yaliyoruhusiwa yametajwa kwa majina, kama ukaguzi wa boti, kuondoa magugu, doria na upimaji wa maji, au yameachwa kwa maneno mapana kiasi kwamba hata samani za ofisi zinaingia? Tatu, fedha isiyotumika mpaka mwaka wa fedha unafungwa inabaki mfukoni au inarudi hazina?

Hilo la tatu watu husahau kuuliza, nalo ndilo linaloamua mengi. Kazi za ziwa zina msimu. Magugu hayangoji tarehe ya kufunga hesabu, na uvamizi mpya ukigunduliwa mwezi wa mwisho wa mwaka wa fedha unahitaji fedha iliyopo siku hiyo hiyo. Mfuko unaosafishwa kila mwaka haujengi akiba ya dharura. Mameneja wake hulazimika kununua vitu harakaharaka mwishoni mwa mwaka, kisha mvamizi anapoingia hawana kitu.

Hatua ya 3: Ijue kazi inayolipiwa

Huwezi kuhoji matumizi usiyoyaelewa, kwa hiyo inafaa kujua kazi yenyewe inavyofanyika.

Anza na ukaguzi wa boti, maana ndiko sehemu kubwa ya tozo za aina hii inakokwenda. Mwaka 1988 kome wadogo wenye milia kama ya pundamilia waligunduliwa katika Ziwa St. Clair, mpakani mwa Kanada na Marekani. Asili yao ni upande wa Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, na inaaminika waliletwa na meli zilizobeba maji ya kusawazishia uzito. Wakasambaa katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, wakaziba mabomba ya maji, wakang'ang'ania injini, nanga na magati. Mwaka 2007 ndugu zao, kome wa kwaga, wakaonekana Ziwa Mead, magharibi kabisa mwa Marekani. Hakuna mto unaounganisha sehemu hizo mbili. Chombo kilichobebwa juu ya trela ndicho kinachovusha kome namna hiyo kutoka bonde moja hadi jingine.

Sasa mtazame mkaguzi akiwa kazini. Boti iko juu ya trela. Kwanza anauliza: mara ya mwisho ilikuwa ziwa gani, na lini? Kisha anapitisha kiganja taratibu chini ya mkuku na ubavuni. Kome wachanga hawaonekani vizuri kwa macho, ila kiganja huwagundua, kwa kuwa sehemu iliyopaswa kuwa laini inakwaruza kama msasa. Anachungulia nyuma ya pangaboi na kwenye matundu yanayovuta maji ya kupoza injini. Anafungua kizibo aone kama kuna maji yaliyotuama chini. Anakagua kamba ya nanga, tope lililoganda kwenye nanga yenyewe, tangi la chambo, na mbao za trela ambako vipande vya magugu hupenda kujificha. Akipata kitu, boti haishuki. Huoshwa kwa maji ya moto ya nyuzi 60 hivi za Selsiasi, na injini nayo husukumiwa maji ya moto ndani, kwa sababu viluwiluwi vya kome ni vidogo mno na tone la maji linatosha kuvibeba.

Kazi hiyo inahitaji mtu aliyefundishwa, mashine ya maji ya moto, tangi la kukusanya maji machafu na kivuli cha kufanyia kazi, tena alfajiri na siku za mapumziko, wakati boti nyingi zinaposhuka. Ni gharama ya kila siku ambayo mfadhili wa mradi wa miaka miwili hawezi kuibeba kwa kudumu. Ndiyo maana ada inayokuja kila mwaka inaifaa kuliko msaada.

Ziwa Tahoe, mpakani mwa California na Nevada, limekuwa likikagua boti zote za injini kwa lazima tangu mwaka 2008. Wana utaratibu mmoja ninaoupenda sana: boti ikitoka ziwani hufungwa waya wenye lakiri kati yake na trela. Ikirudi na lakiri haijakatwa, inajulikana haijaingia maji mengine, na mwenyewe hapotezi muda kwenye foleni. Mwaminifu anapata nafuu, na mkaguzi anapata muda wa kushughulika na boti zenye mashaka.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini fedha nyingi hivyo ielekezwe mlangoni. Ni kwa sababu kome hawa wakishazaliana katika ziwa kubwa, hakuna aliyewahi kuwamaliza. Walimalizwa mwaka 2006 katika machimbo ya Millbrook, Virginia, yaliyojaa maji, kwa kumwaga kloridi ya potasiamu nyingi. Yale ni machimbo. Ziwa lenye mito inayoingia na kutoka halitibiki namna hiyo.

Magugu yana habari yake. Gugu maji, asili yake Amerika Kusini, lilianza kuonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 lilikuwa limefunga mialo na bandari, mitumbwi ikishindwa kutoka. Lilipunguzwa kwa mashine, kwa mikono, na kwa fukusi wa jenasi ya Neochetina, ambao hufugwa kwenye matangi kisha huachiwa wale majani na mashina yake. Halikuisha. Mbegu zake hukaa kwenye tope miaka mingi na kuota hali inaporuhusu. Kwa hiyo mtu wa kufuga fukusi anahitajika hata mwaka ambao ziwa linaonekana safi, na bajeti inayokatwa mwaka huo mzuri ndiyo inayoleta mwaka mbaya.

Upimaji wa maji ni kazi ya bei nafuu kuliko hizo, nao unasahaulika kwa urahisi. Kifaa chake cha msingi ni kisahani cha Secchi, kinachoitwa hivyo kwa jina la padri na mwanasayansi wa Italia, Angelo Secchi, aliyefanya majaribio yake baharini mwaka 1865. Kinachotumika maziwani leo kina upana wa sentimita 20 na kimegawanywa robo nne, nyeusi na nyeupe kwa kupishana. Unakishusha kwa kamba yenye alama upande wa boti wenye kivuli mpaka kisionekane, unakipandisha kidogo mpaka kionekane tena, unaandika kina. Kipimo kimoja hakikuambii kitu. Vipimo vya mahali pale pale, kwa miaka, vinakuonyesha kama maji ya ziwa yanapoteza uangavu. Ada hulipia mafuta ya kufika hapo na maabara ya kupima fosforasi.

Doria na maboya ya kuonyesha mazalia ya samaki na njia za boti, hayo kila mtu anayafahamu.

Hatua ya 4: Sajili kwa usahihi

Usajili una faida hata kabla fedha haijahesabiwa. Daftari la vyombo ndilo linalowaambia wasimamizi ziwa linabeba boti ngapi, za ukubwa gani, zenye injini za nguvu gani. Kuzunguka Ziwa Victoria, Kenya, Tanzania na Uganda zimekuwa zikifanya sensa ya uvuvi tangu mwaka 2000: huhesabu mialo, wavuvi, vyombo, injini na nyavu. Chombo kisichosajiliwa kinavua samaki wale wale, ila mpangaji hakioni.

Kuna pia mahali ambako idadi ya boti zilizosajiliwa huvuta fedha nyingine. Serikali kuu ya Marekani inapogawia majimbo ruzuku ya usalama wa vyombo, theluthi moja hugawanywa sawasawa, theluthi nyingine kwa idadi ya vyombo vilivyosajiliwa, na theluthi ya mwisho kwa kuangalia jimbo lenyewe lilitumia kiasi gani. Ruzuku hiyo ni ya usalama zaidi kuliko mazingira, lakini askari wa majini anayelipwa nayo ndiye anayemkamata anayemwaga uchafu. Boti ikifichwa, jimbo limepoteza mara mbili.

Wakati wa kujaza fomu, pima urefu wa chombo mwenyewe badala ya kukisia, andika namba ya injini iliyopo sasa na si ile uliyoibadilisha, na taja maji unayotumia kweli. Ukiuza boti, toa taarifa. Ikioza au ikizama, ifutwe kwenye daftari. Daftari lililojaa boti za marehemu huwapa wapangaji picha ya ziwa ambalo halipo.

Hatua ya 5: Omba hesabu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Huna haja ya kuwa mhasibu, wala huna haja ya kwenda kwa ugomvi. Andika barua fupi kwa ofisi inayosimamia mfuko, ikiwezekana kwa jina la chama chenu au kikundi cha usimamizi wa mwalo, kwa maneno kama haya:

"Sisi ni wenye vyombo tuliosajiliwa na tunaolipa tozo ya ulinzi wa ziwa. Tunaomba kufahamishwa kwa mwaka wa fedha uliopita: kiasi kilichokusanywa, kiasi kilichoingia katika mfuko wa ulinzi wa ziwa, kiasi kilichotumika kwa kila kazi na katika ziwa gani, na salio lililobaki. Tunaomba pia kujua idadi ya boti zilizokaguliwa na idadi ya zilizokutwa na viumbe vamizi."

Sentensi ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana. Fedha inaweza kutumika kihalali yote na isifanye kitu. Idadi ya boti zilizokaguliwa inaonyesha kama mkaguzi alikuwepo saa ambazo watu wanashusha boti, au alikuwepo saa za ofisi.

Majibu yakija, angalia sehemu iliyoliwa na utawala. Kukusanya ada kuna gharama na hilo tusilikatae, lakini kama mishahara ya ofisini na semina zinazidi kazi ya majini, una haki ya kusema. Angalia pia mgawanyo kati ya maziwa. Maziwa makubwa na maarufu huvuta fedha, ilhali ziwa dogo ambalo bado halijavamiwa ndilo ambalo shilingi moja inaweza kuliokoa. Minnesota, katika msaada mwingine inaotoa kwa kaunti kwa ajili ya viumbe vamizi, hugawa kwa kuangalia idadi ya sehemu za kushushia boti na nafasi za kuegesha trela. Si kigezo kamili, ila kinaeleweka, kinahesabika, na mwananchi anaweza kukihakiki kwa miguu yake.

Hatua ya 6: Fanya sehemu ambayo ada haiwezi kuifanya

Mkaguzi hawezi kuwa kila mahali, na kuna maelfu ya maegesho yasiyo na mtu. Unapotoa boti majini, ondoa kila jani na kila kipande cha tope hapo hapo, kabla ya kuondoka. Fua maji yote, toa kizibo, na uiache boti bila kizibo njiani. Mwaga tangi la chambo nchi kavu, mbali na maji, na chambo kilichobaki usikitupe ziwani. Kisha kausha chombo, kamba na nyavu. Siku tano za jua ni kiwango kinachopendekezwa na wengi, na kwenye baridi au unyevu ongeza. Kipande kimoja cha shina la milfoili, gugu linalosumbua maziwa ya nchi za baridi, kinatosha kuota mmea mzima.

Hatua ya 7: Kama tozo haipo, ipendekeze

Kabla ya kuandika pendekezo, kuwa mkweli kuhusu mipaka yake. Ada ya boti inafaa sana kwa madhara yanayoletwa na boti: viumbe vamizi, mawimbi yanayobomoa kingo, mafuta yanayovuja. Lakini sehemu kubwa ya fosforasi inayorutubisha mwani hutoka mashambani na kwenye majitaka ya miji. Agosti 2014 wakazi karibu nusu milioni wa Toledo, Ohio, na viunga vyake waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa sababu ya sumu ya mwani wa Ziwa Erie, na hakuna stika ya boti ambayo ingezuia hilo. Ukiwaahidi watu kwamba tozo itasafisha ziwa lote, mwaka wa pili watakuita mwongo, na watakataa hata kile inachoweza kufanya.

Pendekezo zuri huweka tozo kwenye mstari wake peke yake, ili mlipaji aione. Huifunga kwenye mfuko maalumu ambao salio lake halirudi hazina. Hutaja ukomo wa gharama za utawala. Hutofautisha chombo cha makasia na boti yenye injini kubwa, maana si haki mtumbwi wa mvuvi mdogo utozwe sawa na boti ya starehe, na tozo isiyo ya haki huwafanya watu wafiche vyombo. Mgeni anayeleta boti kutoka maji mengine alipe, tena kabla ya kushusha. Yeye ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuleta mvamizi. Na sehemu ya makusanyo irudi kwa kamati ya mwalo ulikotoka, kwa sababu wao ndio watakaoona gugu la kwanza.

Lipeleke pendekezo miezi kadhaa kabla ya bajeti kupangwa, likiwa na idadi ya vyombo vilivyosajiliwa, makadirio ya makusanyo, na kazi mbili tu za mwaka wa kwanza. Ukaguzi kwenye maegesho yenye boti nyingi na upimaji wa maji kila mwezi vinatosha kuanzia. Taja pia ndani yake ofisi itakayotoa taarifa ya kwanza kwa umma, na mwezi ambao taarifa hiyo itasomwa mwaloni.